Kambi za Watoto na Watumishi Wavukao Bahari

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi njema kuwataja waliojenga kanisa, waliofyatua matofali na waliohubiri. Ni mara chache sana tunapouliza ni nani aliyekaa na watoto. Hata hivyo, kila mzee wa kanisa aliyepo leo alikuwa mtoto, na kabla hajaijua Katekisimu Ndogo ya Martin Luther palikuwa na mtu aliyemketisha chini ya mwembe akamfundisha kuimba, kusali na kusikiliza. Sura hii inahusu sehemu moja ya kazi hiyo, nayo ni kambi za watoto. Inawahusu hasa watumishi wanaotoka ng'ambo ya bahari kuja kuziongoza, pamoja na vijana wa Tanzania ambao siku hizi nao huvuka bahari kwenda kuwatumikia watoto wa wenzetu.

Jambo tunalotaka kulieleza ni moja. Kambi hudumu wiki moja, na mgeni hudumu msimu mmoja. Mtoto, kwa upande wake, anakua kwa miaka mingi. Kwa hiyo thamani ya kambi haipimwi kwa furaha ya siku ya mwisho, bali kwa yule anayebaki na mtoto mgeni akishaondoka. Historia ya Kanisa letu inalithibitisha jambo hilo, na tunapoingia karne ya pili hatuna budi kulizingatia.

Kambi kabla ya kambi

Wako wanaodhani kwamba kambi ya watoto ni jambo lililoletwa na Wazungu. Si hivyo. Katika makabila mengi ya Morogoro na ya kusini mwa nchi, watoto walitengwa na kijiji kwa muda, wakapelekwa jandoni au unyagoni, wakafundwa na walezi maalumu. Mlezi wa jando alikuwa mtu wa pale pale. Alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia. Siku za kufundwa zilipokwisha, kijana aliendelea kukutana na mlezi wake njiani, shambani na msibani. Ikiwa mlezi alimtendea isivyostahili, wazee walijua pa kumpata.

Wapo wamisionari waliolitambua jambo hilo. Huko Masasi, Vincent Lucas, padre Mwingereza wa misheni ya Kianglikana ya UMCA ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alishiriki tangu mwaka 1913 kuanzisha jando la Kikristo. Wavulana walikaa porini chini ya walezi Wakristo, wakasali na kufundishwa huko, kisha wakarudi nyumbani kwa shangwe. Huyu alikuwa mtu wa ng'ambo aliyehudumia watoto wa nchi nyingine katika kambi, miaka mingi kabla neno hilo halijazoeleka makanisani. Lakini kilichoifanya kazi ile ishike mizizi hakikuwa elimu ya Lucas peke yake. Ni mapadre, walimu na wazee Waafrika waliosimama ndani yake na ambao wangekuwapo mwaka uliofuata. Kwa upande wa wasichana jaribio hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu unyago ulikuwa mikononi mwa akina mama, na pasipo wao hakuna padre aliyeweza kuugeuza.

Bonde la Kilombero lina kambi yake nyingine pia. Msimu wa kilimo unapofika, familia nyingi huacha nyumba zao za kudumu na kuhamia kwenye mashamba ya mpunga, mara nyingi mbali na barabara na ng'ambo ya mto. Huko hukaa kwa wiki au miezi katika vibanda vya muda, vingine vikiwa madungu yaliyoinuliwa juu ya miti. Watoto huenda na wazazi wao, na kazi yao mara nyingi ni kufukuza ndege wasimalize mpunga. Shule huwa mbali, zahanati huwa mbali, na Shule ya Jumapili huwa mbali vilevile. Kwa mtoto wa Kilombero, basi, kulala porini katika kibanda si mapumziko. Mgeni anayekuja na fikra kwamba anamtoa mtoto nyumbani ili aonje maisha ya porini hana budi kwanza kujua kwamba huenda mtoto huyo ametoka huko juzi tu.

Kambi za ng'ambo zilivyoanza

Kambi za kiangazi za Ulaya na Marekani zilizaliwa na mahitaji ya nchi hizo. Viwanda vilikuwa vimewakusanya watu mijini, na likizo ndefu za kiangazi ziliwaacha watoto bila shughuli. Mwaka 1861, mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut, Marekani, aliwachukua wanafunzi wake kwenda kukaa kambini kwa takriban wiki mbili. Mwaka 1867 ilianza London huduma maalumu kwa watoto ambayo Josiah Spiers aliifanya ijulikane kwa mikutano ya ufukweni wakati wa likizo. Kutokana nayo kilikua chama cha kujisomea Biblia ambacho matawi yake yamefika Afrika Mashariki. Mwaka 1885, Sumner Dudley wa YMCA aliwapeleka wavulana saba kupiga kambi jimboni New York. Mwaka 1907, Robert Baden-Powell aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza, na hapo ukaanza uskauti. Mwenyewe alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, Kenya.

Makanisa yaliyachukua mambo hayo yakayatia ibada ya asubuhi, mafundisho ya Biblia, nyimbo na sala za jioni kando ya moto. Makanisa ya Kilutheri ya Marekani yana kambi zao misituni na kando ya maziwa, na viongozi wa kambi hizo kwa kawaida ni vijana. Kutokana na uhusiano kati ya dayosisi zetu na makanisa rafiki, mtindo huo ulitufikia. Kijana aliyeongoza kambi kwao alipokuja kutembelea usharika rafiki, ilikuwa rahisi kwake kuuliza kama angeweza kufanya hapa lile aliloliweza kule.

Njia rasmi nazo ziliongezeka. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, unaowawezesha vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 28 kujitolea katika nchi nyingine, na makanisa na misheni zao wakawa miongoni mwa wanaowatuma. Si wote wanaofanya kazi ya kambi, lakini wengi hukutana na watoto shuleni na makanisani.

Mgeni anapofika bondeni

Kwa bahati, kiangazi cha kaskazini kinaangukia msimu wetu wa kiangazi. Masika ya Machi hadi Mei yakishapita, maji ya mto hupungua, barabara hukauka na mpunga huvunwa. Mwezi Juni shule hufunga kwa likizo. Hapo ndipo kambi inapowezekana. Zamani wageni walioelekea Malinyi au Mahenge walisubiri kivuko pale mtoni. Tangu mwaka 2018, lilipofunguliwa Daraja la Magufuli, safari hiyo imekuwa salama zaidi.

Bonde hili limezoea wageni. Wakapuchini wa Uswisi walikuja kuhudumu kwa ndugu zetu Wakatoliki tangu mwaka 1921. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha Ifakara maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Kati ya mwaka 1970 na 1975 wahandisi na mafundi kutoka China walijenga, bega kwa bega na Watanzania na Wazambia, reli ya TAZARA inayopita Ifakara na Mlimba. Wengi wao wamerudi kwao. Lakini maabara ile leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya Kitanzania yenye wanasayansi Watanzania, na reli ikaja kuendeshwa na wenyeji. Mgeni aliyefundisha wenyeji kazi aliacha kitu. Aliyeondoka na ujuzi wake aliacha picha.

Utafiti uliofanyika hapa unaigusa kambi ya watoto moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1997, vyandarua vyenye dawa vilisambazwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Matokeo hayo yalisomwa duniani kote. Ingekuwa aibu iwapo kambi ya kanisa katika bonde lililotoa funzo hilo ingewalaza watoto 60 sakafuni bila vyandarua, kwa kuwa fedha zilikwenda kwenye fulana za ukumbusho. Mgeni hawezi kulijua hilo siku ya kwanza. Mwenyeji analijua, na ni wajibu wake kulisema.

Mara nyingi hatulisemi. Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe: akifika, macho yote humwelekea. Watoto humzunguka, hushika mkono wake na kutaka kujua jina lake. Mwalimu wa Shule ya Jumapili, aliyewafundisha watoto hao miaka sita bila posho, hujikuta amekuwa mkalimani, kisha mgawaji wa chai. Mgeni hakukusudia iwe hivyo, na mwalimu naye hakulalamika. Lakini watoto wameliona jambo hilo, na wamejifunza kwamba Neno la Mungu lina uzito zaidi likitoka kwa mtu wa mbali.

Nguvu ya kambi na hatari zake

Kambi ina nguvu kubwa, na kwa sababu hiyo inahitaji ulinzi. Mtoto ametengwa na wazazi. Analala, anakula na kuimba pamoja na wenzake. Na kiongozi wake anampenda kuliko anavyowapenda walimu wa shuleni. Kitu kinachoweza kuujenga moyo kwa wiki moja kinaweza pia kuupotosha.

Sisi Walutheri tunao mfano katika nchi ambako uamsho wa Matengenezo ulianza. Mwezi Desemba 1933, Ludwig Müller, aliyekuwa askofu wa Reich, alitia sahihi mkataba wa kuukabidhi umoja wa vijana wa Kiinjili wa Ujerumani kwa vijana wa Hitler. Mamia ya maelfu ya vijana waliohesabiwa kuwa wa Kanisa walipelekwa chini ya viongozi wenye imani nyingine kabisa. Nyimbo za jioni na mioto ya kambi ziliendelea. Kilichobadilika ni kilichofundishwa mbele ya moto huo. Walezi walipokubali kukabidhi watoto kwa sahihi ya mtu mmoja, hawakubaki na njia rahisi ya kuwarudisha.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mada yetu. John Smyth, mwanasheria Mwingereza, alikuwa kiongozi katika kambi za Kikristo za wavulana nchini mwake. Mwaka 1982 iliandikwa taarifa ya siri iliyoeleza jinsi alivyowapiga vijana kikatili kwa kisingizio cha kuwatakasa. Taarifa hiyo haikupelekwa polisi. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi za wavulana huko, na ukatili ukaendelea. Mwezi Desemba 1992 mvulana mwenye umri wa miaka 16 alikufa akiwa katika mojawapo ya kambi hizo. Smyth alifariki mwaka 2018 bila kuhukumiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwezi Novemba 2024 ulikadiria kwamba aliwaumiza wavulana na vijana zaidi ya 100 Uingereza na Afrika, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu.

Hatuyasemi haya katika kitabu cha shukrani ili kuwatia doa wageni wengi waliokuja kwa moyo safi. Tunayasema kwa sababu watoto wa Afrika walilipa gharama ya ukimya wa watu wa mbali. Mtu aliyeonekana hafai kukaa na watoto kwao alipata nafasi kwetu kwa kuwa alikuwa mgeni, mwenye elimu na mwenye Biblia mkononi. Nao wenyeji wa nchi ile walipoanza kuuliza maswali, walikuwa hawajaambiwa yaliyokuwa yakijulikana London.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapodhulumiwa. Sheria hiyo haibagui mgeni na mwenyeji, mchungaji na mlei.

Waliobaki

Sura nyingine za kitabu hiki zimeeleza jinsi Injili ilivyofika katika bonde letu. Hapa inatosha kukumbusha kwamba wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakaenea katika nyanda za juu za kusini, wakifungua vituo na shule. Kisha vita vikaja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa nchini. Waskochi kutoka upande wa Nyasa walisaidia kusimamia baadhi ya vituo vya nyanda za juu hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1939 vita vikaanza tena, wamisionari wakawekwa kizuizini, na makanisa rafiki ya Marekani na ya nchi za Skandinavia yakaombwa kusaidia.

Mara mbili, basi, wageni waliondolewa kwa ghafula. Watoto hawakuondolewa. Ni nani aliyewafundisha? Ni walimu na wainjilisti wenyeji, wengi wao wakiwa na Agano Jipya, kitabu cha nyimbo na ubao. Dar es Salaam, Mwalimu Martin Ganisya, aliyewahi kuwa mtumwa, aliongoza Walutheri wamisionari walipokuwa hawapo. Vijijini walikuwapo wengi ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote isipokuwa katika kumbukumbu za wajukuu wa wanafunzi wao. Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaliungana kwa sababu yalikuwapo. Nayo yalikuwapo kwa sababu katika miaka ya upweke kuna watu waliokaa na watoto.

Vijana wetu nao wavukapo bahari

Siku hizi njia ina pande mbili. Tangu mwaka 2013 mpango ule wa Ujerumani umefungua mlango kwa vijana kutoka nchi za kusini kwenda kujitolea huko. Marekani nayo ina aina ya viza kwa viongozi wa kambi kutoka nje, wenye umri usiopungua miaka 18, kwa muda usiozidi miezi minne. Kijana wa Kitanzania anaweza kujikuta kando ya ziwa la mbali, akiwaamsha watoto kwa wimbo wa Kiswahili na kuwafundisha kusali kabla ya chai.

Kijana huyo atakutana na taratibu ambazo huenda zikamshangaza. Ataulizwa hati ya polisi. Atafundishwa kutokaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Ataelekezwa nani wa kumpa taarifa mtoto akieleza jambo la kutisha. Asidhani kwamba anashukiwa. Taratibu hizo zimenunuliwa kwa machozi ya watoto, na azichukue aje nazo nyumbani, kwa maana ni zawadi yenye manufaa kuliko simu mpya.

Naye akumbuke kwamba huko ndiye kuku mweupe. Watoto watampenda kwa sababu ni mgeni. Upendo huo ni rahisi kuupata, na anapaswa kuukabidhi kwa mwalimu wa kanisa lao, ambaye mwezi Septemba, yeye akiwa amerudi Ifakara, ndiye atakayewaita watoto hao kwa majina yao.

Tunapoingia karne ya pili

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inamheshimu kwa kumpa kazi, tena kazi katika shamba ambalo mwenye nyumba analijua. Kwa kambi za watoto, jembe hilo lina maana nne.

Kwanza, kambi iongozwe na mwalimu wa Shule ya Jumapili wa usharika, na mgeni awe msaidizi wake. Pili, kila mtu anayelala na kushinda na watoto, awe mgeni au mwenyeji, achunguzwe, apewe kanuni kwa maandishi, na baraza la wazee limjue mtu mmoja wa kupokea malalamiko ya watoto. Tatu, fedha za kambi zianze na chandarua, maji safi na chakula, vingine vifuate. Nne, majina ya watoto yaandikwe, ili kambi ikiisha walimu wawafuate mitaani, na wale wanaohamia mashambani wafuatwe hata huko kwenye madungu.

Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba, Kanisa letu huadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Siku hiyo watoto husimama madhabahuni wakasoma, wakaimba na kukariri Neno mbele ya wazazi. Wageni wa kiangazi kwa kawaida wamekwisha kuondoka. Hapo ndipo kambi ya Juni inapojulikana ilikuwa nini. Mtoto aliyejificha nyuma ya wenzake mwaka jana, akisimama mwaka huu akalisoma somo kwa sauti, tutajua kwamba kuna mtu aliyemfuata Julai, Agosti na Septemba.

Tunamshukuru Mungu kwa wote waliovuka bahari kuja kukaa na watoto wa bonde hili, na kwa makanisa yaliyowatuma. Tunamshukuru kwa vijana wanaotoka kwetu kwenda kwa wenzetu. Na katika mwaka huu wa shukrani tunawashukuru kwa namna ya pekee walimu wa Shule ya Jumapili, wanawake kwa wanaume, ambao hawakuvuka bahari yoyote isipokuwa mto wetu wakati wa mafuriko, wakaja Jumapili baada ya Jumapili. Bwana awape thawabu yao, na kizazi kijacho kisiyasahau majina yao.